Arobaini za Nini

Saa tisa usiku kwa hesabu ya kwetu,
saa tatu kwa ile iliyo ukutani.
Lewiston, Maine. Theluji imeziba nusu ya dirisha la wodi ya watoto
na mashine ya joto inakoroma kama mtu aliyeshiba.

Kitanda cha nne: Remi Ouellette, miaka mitano,
siku ya pili anatapika, macho yamezama,
midomo mikavu kama ganda la kitunguu.
Mshipa niliupata mara ya tatu.
Hakulia. Hilo ndilo lililonitisha.

Oda imeshafika kwenye kioo:
glukosi asilimia tano, chumvi nusu, potasiamu ndani yake,
mililita themanini kwa saa.
Ina sahihi ya Dokta Halvorsen,
kijana msikivu, hajalala tangu juzi.

Mimi nafanya kazi kwa Kiingereza,
naomba radhi kwa Kiingereza, siku hizi hata naota,
lakini kuhesabu, hapana.
Hesabu zangu hazikupewa viza.
Basi nanong'ona, kidole juu ya pampu:
kilo kumi za kwanza, nne kwa kila kilo, arobaini.
Kumi za pili, mbili mbili, ishirini.
Zinazobaki, moja moja.
Themanini ni mtoto wa kilo arobaini.

Namtazama Remi.
Kiwiko chake kinazungukwa na vidole vyangu viwili
na nafasi inabaki.

Duka la mama, Korogwe, lilikuwa na mizani ya shaba
na mawe ya aina mbili: ya kilo,
na yale ya zamani, ya ratili, aliyoyarithi pamoja na madeni.
Mteja akisema "nipimie mbili,"
mama hakugusa sukari.
Mbili za nini?
Nilidhani ni ubahili.

Arobaini za nini?
Namwamsha mama mtu kwenye kiti cha kukunja.
Alipimwa chini, anasema, mlango wa dharura,
"arobaini, amekuwa mkubwa," na anatabasamu, usingizini bado,
kwa fahari.
Ratili, basi.
Kilo kumi na nane na chembe.

Arobaini. Nane mara mbili, kumi na sita.
Hamsini na sita.

Ishirini na nne za ziada kila saa,
hazina rangi, hazina harufu,
wala hazigongi kengele.
Sukari huliwa na mwili njiani;
ikishaliwa, kilichobaki ni maji,
na maji yaliyopungukiwa chumvi hutafuta ubongo,
na fuvu si tumbo, halina pa kutanukia.
Kwetu husema maji yamezidi unga.
Husema wakicheka.

Napiga simu. Kimya upande wa pili,
kisha pumzi ndefu.
Uzito anaurekebisha. Chumvi, nauliza, si tuifanye kamili?
Kamili. Na potasiamu?
Ingoje mpaka akojoe.
"Asante, Tamsfu."
Jina langu Tumsifu; tutalishughulikia siku nyingine.

Namwita Darlene apige hesabu yake peke yake,
nimempa mgongo, simwambii kitu.
Anatumia kalamu, anakuna sikio, anakosea, anafuta.
Hamsini na sita, anasema.
Ndipo nabonyeza.

Kabla hakujapambazuka mtoto anaomba chombo.
Mililita mia na kumi, nyeusi kama chai ya rangi.
Nimeandika namba nyingi katika kazi hii;
ile niliiandika kwa herufi kubwa.
Darlene alinyanyua chombo juu kama kombe la mpira
na mama mtu, asiyejua tunachekea nini, akacheka.

Sikulala vizuri mchana ule.
Nilikuwa nikiwaza fomu ile: arobaini,
na mbele yake kiboksi kidogo kitupu,
nafasi ya herufi mbili tu,
na wodi ngapi, na usiku ngapi.

Lakini hilo ni baadaye. Kwa sasa Remi anataka barafu ya kijiti, nyekundu.
Nampa kijiko kimoja.
Anataka viwili.
Subiri, namwambia, Kiswahili kimenitoka,
naye, sijui kaelewaje,
anasubiri.